Namna ya Kumpa Mtu Faili la Siri kwa Kiungo Kinachokwisha Muda

Mhasibu anapotakiwa kumpelekea mkaguzi wa nje orodha ya mishahara ya wafanyakazi, njia inayomjia upesi ni kulipakia faili kwenye hifadhi ya wingu, kubonyeza kitufe cha kushiriki, kuchagua kwamba yeyote mwenye kiungo aweze kulifungua, kisha kukituma kiungo hicho kwa WhatsApp. Kazi hiyo huchukua dakika mbili. Ukaguzi nao hukamilika baada ya majuma machache, ripoti ikasainiwa na mkaguzi akaondoka, lakini kiungo hakiondoki naye. Kinabaki kwenye simu yake, kwenye nakala za akiba za simu hiyo, kwenye kundi ambamo kiliwahi kusambazwa kwa haraka, na miaka mitatu baadaye bado kinafungua mishahara ile ile kwa yeyote atakayekikuta.

Tatizo hilo halidai mtu aache kutumia wingu, wala halidai kununua programu ya ghali. Linadai utaratibu mmoja tu ufuatwe kwa uangalifu: faili libaki limefungwa muda wote, bila kufunguliwa kwa umma hata kwa dakika moja, na anayelihitaji apewe kiungo chenye saini, ambacho ndani yake kimeandikwa saa ya kuisha. Nitaueleza utaratibu huo kwa kutumia Amazon S3, huduma ya kuhifadhi mafaili iliyofunguliwa mwezi Machi 2006, kwa kuwa watoa huduma wengi waliokuja baadaye wameiga namna inavyopokea maombi, na anayeielewa hapati shida kubwa anapohamia kwingine.

Kiungo kimebeba nini

Kabla ya kutoa amri yoyote, ni vizuri kukisoma kiungo cha namna hii kipande kwa kipande, kwa sababu wengi hukiona kama mstari mrefu wa herufi usio na maana, na hapo ndipo makosa huanza. Sehemu ya kwanza ni anwani ya baketi, yaani chombo ambamo S3 huhifadhi mafaili, pamoja na jina la faili lenyewe. Baada ya alama ya kuuliza hufuata vipande hivi:

X-Amz-Algorithm=AWS4-HMAC-SHA256
X-Amz-Credential=AKIA…/20250612/af-south-1/s3/aws4_request
X-Amz-Date=20250612T080000Z
X-Amz-Expires=7200
X-Amz-SignedHeaders=host
X-Amz-Signature=…

Kipande cha pili kinamtaja aliyetia saini kwa kitambulisho cha ufunguo wake, tarehe, na kanda ambamo baketi imo. Hapa af-south-1 ni kanda ya Cape Town. Cha tatu ni saa ya kutiwa saini, na herufi Z mwishoni inaonyesha kwamba saa hiyo ni ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo 080000Z ni saa tano kamili asubuhi kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kipande cha nne ni uhai wa kiungo kwa sekunde: 7200 ni saa mbili, maana yake kiungo hiki kitakufa saa saba mchana. Cha mwisho ni saini, mfululizo wa herufi na tarakimu 64.

Ufunguo wa siri haumo popote katika mstari huo. Kompyuta yako huuchukua ufunguo huo na kuupitisha kwenye hesabu ya HMAC-SHA256 pamoja na tarehe, kisha kanda, kisha jina la huduma, kisha maneno aws4_request, na ufunguo unaozaliwa mwishoni mwa mnyororo huo ndio unaotia saini maelezo ya ombi zima. Amazon wanaijua siri hiyo pia, kwa hiyo ombi linapofika wao huirudia hesabu ile ile na kulinganisha majibu. Mtu akibadilisha 7200 iwe 72000 ili ajiongezee muda, au akibadilisha jina la faili ili afungue jingine, saini haitalingana, naye atajibiwa kosa la 403 lenye maneno SignatureDoesNotMatch.

Jambo ambalo watu wengi hawalitambui, nami naona ndilo la kushika kuliko yote, ni kwamba hesabu hiyo ya kutia saini hufanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe. Amri ya kutengeneza kiungo haipeleki taarifa yoyote Amazon kwamba kiungo kimezaliwa. Huko hakuna daftari la viungo vilivyotolewa, hakuna mahali pa kuvihesabu, na hakuna kitufe cha kukifuta kimoja na kuviacha vingine. Yeyote aliye na ufunguo wa siri anaweza kutengeneza viungo elfu moja usiku wa manane bila wewe kujua mpaka vitakapoanza kutumiwa. Kutokana na hilo, usalama wote unaamuliwa kabla kiungo hakijatumwa: umetia saini kwa ufunguo wa nani, ufunguo huo una ruhusa ya kufika wapi, na umekipa kiungo muda gani.

Lingine ni kwamba kiungo hakimjui aliyekishika. Ni kama risiti ya kuchukulia mzigo kwenye ofisi ya mabasi ambako kitambulisho hakidaiwi: anayeileta ndiye anayekabidhiwa. Tena kinaweza kutumika mara nyingi kadiri mtu atakavyo hadi muda uishe. Anayetaka kiungo cha kutumika mara moja tu hatakipata kwa njia hii peke yake. Itambidi aweke programu yake katikati, ambayo itahesabu maombi na kuyakataa yanayorudiwa.

Baketi ibaki imefungwa

Tangu mwezi Aprili 2023, kila baketi mpya ya S3 huzaliwa ikiwa imezuia ufikiaji wa umma, na mafaili mapya yamekuwa yakisimbwa fiche yenyewe tangu Januari mwaka huo. Ukiwa na baketi ya zamani, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya ruhusa, na uhakikishe kwamba vizuizi vyote vinne vya ufikiaji wa umma vimewashwa. Kuna dhana potofu ambayo imewagharimu watu wengi, kwamba vizuizi hivyo visipozimwa kiungo hakitafunguka. Si kweli. Anayekuja na kiungo chenye saini hahesabiwi kuwa mtu wa umma. Ombi lake huhesabiwa kuwa ni la yule aliyetia saini, na hupimwa kwa ruhusa za huyo. Kiungo chako kikikataa, sababu iko kwingine, na kuufungua mlango wa umma ili "kijaribiwe" ni kuvunja ulinzi wote kwa ajili ya jaribio moja.

Katika baketi hiyo tenga folda moja ya mafaili yanayosubiri kuchukuliwa. Mimi naiita toka/ katika mifano hii. Faili halisi la mishahara libaki mahali pake, na nakala ya kumpa mkaguzi ndiyo iwekwe kwenye toka/. Kutenga huku kunarahisisha mambo mawili yanayofuata, yaani kubana ruhusa na kusafisha.

Kusafisha kunafanywa na kanuni ya mzunguko wa maisha, ambayo huwekwa kwenye baketi mara moja tu na kuagiza kwamba kila kilichomo ndani ya toka/ kifutwe baada ya siku moja au zaidi. Kanuni hii huhesabu kwa siku nzima, si kwa saa, na ufutaji unaweza kuchelewa kidogo, hivyo haichukui nafasi ya muda wa kiungo. Inahakikisha tu kwamba hakuna faili la siri linalosahaulika pale kwa miezi. Ikiwa baketi imewekewa utunzaji wa matoleo ya zamani, ongeza pia sharti la kufuta matoleo hayo, vinginevyo kufuta kutaficha toleo la juu tu na la chini litaendelea kuwapo.

Majina ya mafaili nayo yanahitaji kufikiriwa. Jina la baketi na jina la faili huonekana wazi ndani ya kiungo, na yataendelea kusomeka hata baada ya kiungo kufa. Faili likiitwa mishahara-juni-kampuni-fulani.xlsx, basi kila mfumo wa barua pepe na kila simu iliyopitiwa na kiungo hicho imeshajua una nini na kinamhusu nani. Lipe nakala hiyo jina lisilo na habari, kwa mfano toka/4f9c1e.7z, na jina la kueleweka litokee wakati wa kupakua tu, kwa namna nitakayoonyesha.

Mtia saini awe mdogo

Kosa kubwa kuliko yote ni kutia saini kwa ufunguo wa msimamizi mkuu wa akaunti. Kiungo chenyewe kitafungua faili moja tu, hilo ni kweli, lakini ufunguo uliotumika utakuwa umekaa kwenye kompyuta ya mtu wa ofisini, na ukiibwa, mwizi atajitengenezea viungo vya kila kitu, na kufuta pia. Tengeneza mtumiaji au jukumu (role, yaani kitambulisho kinachotumika kwa ufunguo wa muda) la pekee kwa kazi hii, na ulipe ruhusa moja tu:

{
 "Version": "2012-10-17",
 "Statement": [{
  "Effect": "Allow",
  "Action": "s3:GetObject",
  "Resource": "arn:aws:s3:::hifadhi-ya-ofisi-7k2/toka/*"
 }]
}

Mtia saini huyu anaweza kusoma kilichomo ndani ya toka/ na si zaidi. Hawezi kupakia, hawezi kufuta, wala hawezi kuorodhesha mafaili yaliyopo. Kazi ya kupakia ifanywe na mtumiaji mwingine. Ikiwa mafaili yamesimbwa kwa ufunguo wenu wenyewe ulio kwenye KMS, huduma ya Amazon ya kutunza funguo za usimbaji, mtia saini atahitaji pia ruhusa ya kms:Decrypt kwa ufunguo huo.

Kwa kuwa hana ruhusa ya kuorodhesha, ukikosea herufi moja ya jina la faili hutaambiwa kwamba faili halipo. Utajibiwa AccessDenied, kana kwamba ruhusa ndiyo yenye kasoro. Amri ya kutengeneza kiungo nayo haichunguzi kama faili lipo, itakupa kiungo kizuri cha faili ambalo halijawahi kuwapo. Kabla ya kuanza kuzigusa ruhusa, lisome upya jina.

Ukitaka ulinzi usiotegemea uangalifu wa mtu, weka kwenye sera ya baketi, yaani maandishi ya ruhusa yaliyoambatishwa kwenye baketi yenyewe, sharti linaloitwa s3:signatureAge, ambalo hukataa ombi lolote lenye saini iliyozeeka kupita kiasi ulichokiweka. Hesabu yake ni ya milisekunde, hivyo saa nne huandikwa 14400000. Sharti hilo likiwapo, hata mfanyakazi akiandika kwa makosa muda wa siku saba, kiungo kitakataliwa baada ya saa nne. Kwa ofisi yenye watu zaidi ya mmoja wanaotia saini, mimi nisingeanza kazi bila sharti hili.

Kutoa kiungo

Faili lenyewe lifungwe kwanza kwa nywila. Kiungo cha muda hulinda njia ya kulifikia faili. Nakala ikishatua kwenye kompyuta ya mpokeaji, muda wa kiungo hauna nguvu tena juu yake. Programu ya 7-Zip, ambayo ni ya bure, husimba kwa AES-256 na huweza kuficha hata majina ya mafaili yaliyomo:

7z a -p -mhe=on 4f9c1e.7z mishahara.xlsx

Itakuuliza nywila na kukutaka uirudie. Chagua nywila ndefu, kwa mfano maneno matano au sita yasiyohusiana, na isiwe jina la kampuni na mwaka.

Baada ya kulipakia faili kwenye toka/, njia fupi ya kupata kiungo ni amri hii ya AWS CLI, programu ya Amazon ya kuendesha huduma zao kwa kuandika amri, ukiwa umeingia kwa ufunguo wa mtia saini:

aws s3 presign s3://hifadhi-ya-ofisi-7k2/toka/4f9c1e.7z --expires-in 7200 --region af-south-1

Usipoandika muda, amri huchukua sekunde 3600, yaani saa moja. Kiwango cha juu ni sekunde 604800, siku saba kamili, na hakuna namna ya kukivuka. Usisahau kutaja kanda: saini hubeba jina la kanda ndani yake, na iliyotiwa kwa kanda nyingine itakataliwa. Anayetumia ukurasa wa wavuti wa Amazon badala ya amri anaweza kutoa kiungo kwa kubonyeza faili na kuchagua kulishiriki, lakini huko muda ni wa kuanzia dakika moja hadi saa 12.

Ukitaka mpokeaji alipate faili likiwa na jina la kueleweka, tumia lugha ya Python na boto3, maktaba yake ya kuwasiliana na huduma za Amazon:

import boto3
from botocore.config import Config

s3 = boto3.client("s3", region_name="af-south-1",
    endpoint_url="https://s3.af-south-1.amazonaws.com",
    config=Config(signature_version="s3v4"))

kiungo = s3.generate_presigned_url("get_object",
    Params={"Bucket": "hifadhi-ya-ofisi-7k2",
            "Key": "toka/4f9c1e.7z",
            "ResponseContentDisposition": 'attachment; filename="ukaguzi.7z"'},
    ExpiresIn=7200)
print(kiungo)

Jina hilo nalo huingia ndani ya kiungo na kutiwa saini, kwa hiyo liwe la kawaida, kama hapa, lisilotaja mtu wala fedha.

Kuna hali moja ambapo kiungo hufa mapema kuliko ulivyoandika, na huwasumbua hata wazoefu. Mtia saini akiwa anatumia ufunguo wa muda, kama ule unaotolewa kwa jukumu au kwa seva iliyomo ndani ya wingu, kiungo hufa pale ufunguo huo unapoisha, hata kama umeandika siku saba. Utamtambua kwa kuangalia X-Amz-Credential: kitambulisho kinachoanza na AKIA ni cha ufunguo wa kudumu, kinachoanza na ASIA ni cha ufunguo wa muda, na kiungo chake huwa na kipande cha ziada kinachoitwa X-Amz-Security-Token. Kwa upande wa usalama, ufunguo wa muda ni bora, kwa kuwa ukiibwa hauna maisha marefu. Linalotakiwa ni kujua unakwisha saa ngapi, ili usimwahidi mpokeaji muda ambao huna.

Muda gani unatosha

Swali hili halina jibu la jumla. Nashauri uanze kwa kumwuliza mpokeaji atakuwa kwenye kompyuta saa ngapi, kisha ukitengeneze kiungo wakati huo. Kutengeneza kiungo kipya huchukua sekunde chache na hakugharimu chochote. Hakuna sababu ya kutoa cha siku saba kwa sababu tu mtu hana hakika kama atakifungua leo au Jumatatu. Akichelewa, mpe kingine. Kwa nyaraka za kawaida za ofisi, saa moja hadi nne zinatosha kabisa ikiwa mmeshazungumza.

Ukubwa wa faili hubadilisha hesabu. S3 hutazama muda pale ombi linapoingia, si linapomalizika, hivyo upakuaji ulioanza dakika moja kabla ya mwisho utaendelea hadi tamati hata kama utachukua saa nzima. Shida inakuja mtandao unapokatika katikati, jambo ambalo kwa wengi wetu ni la kila siku. Kivinjari kitajaribu kuendelea pale kilipoishia, na kuendelea huko ni ombi jipya. Muda ukiwa umepita, litakataliwa. Faili la GB 2 kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde huchukua takriban dakika 67 bila kukatika hata mara moja. Kiungo cha saa moja kwa faili kama hilo ni kumpa mtu usumbufu. Mpe mara tatu ya muda unaoukisia, au uligawe faili vipandevipande, kazi ambayo 7-Zip inaiweza.

Hakikisha pia saa ya kompyuta yako inajirekebisha yenyewe kupitia intaneti. Saini huchukua saa ya mashine. Ikiwa imerudi nyuma, kiungo kitakufa mapema, na ikiwa imetangulia mno, kitakataliwa kwa kuwa wakati wake haujafika.

Kukifikisha kwa mhusika

Kiungo na nywila visisafiri pamoja. Kiungo kikienda kwa barua pepe, nywila iende kwa simu ya mdomo, ukiwa umempigia mwenyewe kwa namba unayoijua tangu zamani na si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe ya maombi. Simu hiyo ya dakika moja inafanya kazi nyingine ya maana: inathibitisha kwamba aliyeomba faili ni mkaguzi kweli, si mtu aliyeingia kwenye barua pepe yake. Mbinu zote nilizozieleza hazina faida ikiwa faili umempa tapeli.

Usikipeleke kiungo kwenye kundi, hata kama mpokeaji yumo. Usikifupishe kwa huduma za kufupisha viungo, kwa kuwa wenye huduma hiyo watabaki na kiungo kizima kwenye kumbukumbu zao. Na usikibandike kwenye tovuti za kukagua kama kiungo ni salama; baadhi yake huyachapisha majibu ya ukaguzi hadharani, pamoja na anwani iliyokaguliwa, na watu wapo wanaozipitia kurasa hizo wakitafuta viungo kama chako.

Andika ujumbe unaotaja mwisho wa kiungo kwa maneno kamili. "Mpaka saa 8" kwa mmoja ni saa nane mchana na kwa mwingine ni saa mbili asubuhi. Ujumbe kama huu unatosha: "Habari za asubuhi. Faili la ukaguzi liko kwenye kiungo hiki. Kitafunga leo Alhamisi saa saba kamili mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Nitakupigia sasa hivi kukupa nywila. Tafadhali usikisambaze, mwenzako akilihitaji, niambie nimpe chake." Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ina thamani, kwa sababu kila mtu akiwa na kiungo chake unaweza kujua nani alipewa nini.

Kwa kuwa Amazon hawana daftari la viungo, liweke wewe. Jedwali dogo lenye tarehe, jina la ndani la faili, jina la mpokeaji, saa ya kuisha na aliyetia saini linatosha. Kiungo chenyewe usikiandike humo.

Mambo yakiharibika

Washa kumbukumbu za ufikiaji za baketi mapema, kwa sababu hazisemi lolote kuhusu siku zilizotangulia kuwashwa kwake. Katika kumbukumbu hizo, kila upakuaji una mstari wake wenye saa, anwani ya IP iliyoomba, jina la faili na namna ya uthibitisho. Maombi yaliyokuja kwa kiungo chenye saini huandikwa QueryString, na jina linaloonekana kuwa ndilo lililoomba ni la mtia saini, si la mpokeaji. Usishtuke ukikuta ombi lililofika sekunde chache baada ya kutuma barua pepe, kutoka anwani usiyoitambua: mifumo mingi ya ulinzi wa barua pepe hufungua viungo ili kuvikagua kabla ya kumfikishia mwenyewe. Hiyo ni sababu nyingine ya kulifunga faili kwa nywila, kwani mkaguzi huyo wa mashine ameondoka na nakala asiyoweza kuisoma. Mistari hii huchelewa kufika, wakati mwingine kwa saa kadhaa, hivyo haifai kutegemewa kama kengele ya hatari.

Kiungo kikiangukia mikono isiyostahili, hatua ya kwanza ni kulifuta faili kutoka toka/. Nakala halisi ipo mahali pake, hupotezi kitu, na tangu Desemba 2020 S3 huonyesha mabadiliko papo hapo, kwa hiyo ombi litakalokuja baada ya kufuta halitakuta kitu. Kama ni ufunguo wa mtia saini uliovuja, kufuta faili hakutoshi. Uzime ufunguo huo, nao utakufa pamoja na viungo vyote uliowahi kuvitia saini, vya halali na visivyo halali. Watakaolalamika kwamba viungo vyao vimekataa wape vipya.

Orodha ya mishahara ni taarifa binafsi za watu, na sheria zinazihusu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na baketi iliyoko Cape Town iko nje ya nchi. Sheria ya Kenya pia inamtaka mwenye dhamana ya taarifa amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipogundua kuvuja kunakoweza kuwadhuru wahusika. Jedwali lako na kumbukumbu za baketi ndivyo vitakavyokuwezesha kusema kwa uhakika ni nini kilitoka, lini, na kwenda kwa nani.

Kwa watumiaji wa huduma nyingine

Google Cloud Storage ina viungo vya aina hii hii, navyo kikomo chake ni siku saba. Amri yake ni gcloud storage sign-url. Azure, wingu la Microsoft, wana utaratibu uitwao SAS (shared access signature, yaani saini ya kushiriki ufikiaji), wenye aina kadhaa, na ya kuchagua ni ile inayosainiwa kwa kitambulisho cha mtumiaji badala ya ufunguo wa akaunti nzima, kwa sababu anayeupata ufunguo wa akaunti amepata kila kitu. Wanaoendesha seva yao wenyewe ya Nextcloud wanaweza kukiwekea kiungo tarehe ya mwisho pamoja na nywila bila kulipia. Kwenye Google Drive, Dropbox na OneDrive, kuweka tarehe ya mwisho kwa kawaida kunahitaji akaunti ya kulipia. Asiye nayo ashiriki faili kwa barua pepe ya mtu mmoja aliyetajwa, kamwe si kwa yeyote mwenye kiungo, na ajiwekee kikumbusho kwenye simu cha kuiondoa ruhusa hiyo siku inayofuata.

Ikiwa wewe ndiye unayehitaji kupokea faili, kiungo kinaweza kutiwa saini kwa ajili ya kupakia pia, kwa kutumia put_object badala ya get_object na mtia saini mwenye ruhusa ya s3:PutObject kwenye folda tofauti, tuseme ingia/. Hapa muda uwe mfupi zaidi, kwa kuwa mwenye kiungo anaweza kupakia tena na tena na kulifunika faili la kwanza kwa jingine, na hakuna kinachomzuia kupakia faili kubwa mno litakaloongeza gharama yako. Boto3 ina generate_presigned_post, ambayo hukuruhusu kuweka sharti la ukubwa kwa content-length-range. Kwa anayepokea kutoka kwa watu asiowafahamu vizuri, hiyo ndiyo ya kutumia.

Kabla ya kuutumia utaratibu huu kwa faili la kweli, ujaribu kwa faili lisilo na siri. Toa kiungo cha sekunde 60, kifungue kwenye simu ambayo haijaingia akaunti yoyote ya ofisi, uone kama kinapakua. Subiri dakika mbili, kifungue tena: unapaswa kuona AccessDenied na maneno Request has expired. Kisha ondoa kila kitu kuanzia alama ya kuuliza na kuendelea, ujaribu kulifungua faili kwa anwani iliyobaki. Hapo pia lazima ukataliwe, na usipokataliwa, baketi iko wazi kwa umma, urudi kwenye vile vizuizi vinne kabla ya kupakia kitu kingine chochote.